Mombasa ilifunguliwa 7 Julai 2020, mbona hoteli nyingi za ufuoni zilibaki na mageti yamefungwa?

#1 KusiNaKaskazi
Wakuu, salamu. Hili tulijadili kikazi, siasa tuiache kando.

Amri ya korona ya kutoingia wala kutoka Mombasa ilianza 8 Aprili 2020 na ikaondolewa saa kumi alfajiri ya 7 Julai. Watu wakadhani ndani ya wiki moja hoteli za kuanzia Nyali hadi Shanzu zitakuwa zimewasha taa. Nyingi hazikuwasha. Zipo zilizosubiri mwezi, zipo zilizosubiri msimu wa Desemba. Barabara wazi, ufuo uko pale pale. Kilichozuia ni nini hasa?

Mimi naona ni tarehe. Kila kitu kilifunguliwa siku yake, na hoteli haifunguki vipande vipande.

#2 Kivukoni
Naunga mkono. Ziwekeni tarehe kwa mpangilio muone:
7 Julai barabara. 13 Julai treni ya abiria ya SGR (reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa). 15 Julai ndege za ndani. 27 Julai likaja katazo la pombe kwenye mikahawa, na mikahawa ikaambiwa ifunge saa moja jioni. 1 Agosti ndege za kimataifa. Baa hazikurudi hadi 28 Septemba.

Kwa hiyo meneja aliyefungua mara tu barabara zilipofunguliwa alipata kama wiki tatu tu za biashara ya kawaida, kisha mauzo ya kinywaji yakafungwa. Aliyesubiri hakupoteza kitu.

#3 Mshomoroni
Na Diani, ufuo wa Kwale, je? Si nayo ilifunguliwa pamoja na Mombasa?

#4 KusiNaKaskazi
Hapana. Kwale na Kilifi zilitolewa kwenye amri mwezi mmoja kabla, 7 Juni. Mombasa, Nairobi na Mandera ndizo zilizoongezewa siku 30. Lakini hebu fikiria Diani imefunguliwa ilhali mgeni wa Nairobi amefungiwa Nairobi, na aliye Mombasa hawezi kuvuka kwa feri ya Likoni. Ilibaki kuwa wazi kwa watu wa Kwale wenyewe na waliotoka kaunti ambazo hazikufungwa, wakipita njia ya Samburu na Kinango ili wasiguse kisiwa.

Na upande wa pili ni Mtwapa. Daraja ndilo mpaka. Wafanyakazi wa hoteli za Shanzu na Bamburi wanaishi ng'ambo kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu, na ng'ambo ni Kilifi. Aprili hadi Julai, mpishi yuko upande mmoja na jiko lake upande mwingine.

#5 FundiBwawa
Nyinyi mnahesabu tarehe, ngoja niwape ya ndani ya jengo, maana hata wageni wangekuja wote siku hiyo, majengo mengi hayakuwa tayari.

Chukua bwawa la mita za ujazo 200. Pampu ikizimwa, kwa joto la Pwani wiki mbili zinatosha liwe kijani. Miezi mitatu ni tope jeusi chini, viluwiluwi vya mbu juu (na Mombasa si ngeni kwa homa ya dengi), na mchanga wa filta umegandana.

Wengi walikimbilia kumwaga klorini siku ya kwanza. Hiyo ni kuchoma pesa. Toa majani na tope kwanza, ukilivuta kwenda nje moja kwa moja bila kupitisha kwenye filta. Kisha pima pH na uishushe hadi 7.2. Kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini iko katika umbo linaloua. Kwenye 8 imebaki kama robo tu. Ndipo uweke dozi kali: miligramu 10 kwa lita, maana yake kilo 2 za klorini halisi kwa bwawa hilo. Unga wa asilimia 65 utahitaji kilo 3 na gramu kama 80. Yeyusha kwenye ndoo: unga uingie kwenye maji, usimwage maji juu ya unga hata siku moja. Fanya jioni, jua likishazama, kwa sababu mwanga wa jua unaila klorini kabla haijafanya kazi. Pampu ikeshe. Asubuhi pima. Ukikuta klorini imekwisha yote, uchafu bado upo, rudia. Ukikuta imebaki na maji yana ukungu mweupe, mwani umekufa, sasa ni kazi ya filta: rudisha maji kinyume kuisafisha, chuja, safisha tena. Asiingie mtu mpaka klorini ishuke hadi 3 au chini.

Kabla ya kuwasha pampu yenyewe, zungusha shafti kwa mkono. Sili iliyokaa kavu miezi mitatu inagandia, ukiwasha kwa nguvu inapasuka na maji yanaingia kwenye mota. Hapo hujafungua hoteli, unatafuta mota.

#6 Mshomoroni
Asante fundi. Lakini kwa nini wasimwage maji yote wajaze mapya? Si haraka zaidi?

#7 FundiBwawa
Hapo ndipo mabwawa ya ufuoni yanapopasuka. Mwamba wetu ni wa matumbawe, unapitisha maji ya bahari chini kwa chini. Kwenye bamvua (siku za maji makubwa) bahari inapanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa, na maji ya ardhini yanapanda nayo. Bwawa likiwa limejaa, uzito wake unalishikilia chini. Likiwa tupu, maji ya chini yanalisukuma juu: sakafu inanyanyuka, vigae vinang'oka, bomba la chini linakatika.

Ukilazimika kumwaga, subiri maji mafu (siku bahari inapopanda kidogo), fungua kwanza valvu ya sakafuni ya kupunguza msukumo kama ipo, na chimba shimo la kupimia pembeni uone kina cha maji ya ardhini. Usilaze bwawa tupu bamvua likaja juu yake.

#8 Bawazir_wa_Mabomba
Bwawa mgeni analiona kwa macho. Hatari kubwa ni ile asiyoiona, maji yaliyolala ndani ya mabomba. Bakteria wa Legionella hustawi kati ya nyuzijoto 20 na 45. Nchi za baridi bomba la maji baridi linakaa chini ya 20, kwa hiyo wasiwasi wao ni la moto. Kwetu maji "baridi" yenyewe yanatoka kwa nyuzi 27 au 28. Mabomba yote mawili yako kwenye eneo la hatari, na binadamu anaambukizwa kwa kuvuta mvuke mwembamba wa bafu la manyunyu, si kwa kunywa.

Utaratibu wa kufufua:
Osha tangi, toa tope la chini. Jaza, weka klorini miligramu 50 kwa lita. Tangi la lita 10,000 linataka gramu 500 za klorini halisi, yaani gramu 770 za unga wa asilimia 65. Fungua kila bomba, kuanzia lililo karibu na tangi kwenda la mwisho, hadi harufu ya klorini ifike, kisha funga. Acha saa moja. Hakikisha kwenye bomba la mbali zaidi kiwango hakijaporomoka, kikiporomoka anza upya. Baadaye mwaga yote na usuuze.

Vichwa vya manyunyu vitolewe kabla, viloweshwe kwenye siki au asidi nyepesi kuondoa chokaa, visuuzwe sana, ndipo viende kwenye klorini. Asidi na klorini zisikutane, hutoa gesi inayochoma mapafu. Anayefungua maji mara ya kwanza afunike mdomo wa bomba kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa kona, maji yatoke bila kurusha mvuke. Maji ya moto tangini yawe nyuzi 60, na bombani yafike 50 ndani ya dakika moja.

Vyumba 120, kila kimoja sinki, manyunyu na choo, ongeza jikoni na dobi. Mafundi wawili hawamalizi kwa siku moja. Na hoteli nyingi zilikuwa zimebakisha askari wa getini na fundi mmoja.

#9 Mhasibu_Nyali
Fundi Bawazir, maelezo safi, lakini hizo ni kazi za wiki moja au mbili. Haziwezi kueleza mwenye hoteli aliyesubiri hadi Desemba. Jibu liko kwenye hesabu.

Hoteli ya ufuoni ina gharama ambazo hazijali kama una wageni 10 au 200: ulinzi, bima, mkopo, bwawa, taa za nje, baridi ya jikoni. Umeme wa biashara kubwa una tozo ya kilele kwa kVA (kipimo cha umeme unaovutwa kwa mara moja): ukiwasha viyoyozi, pampu na dobi kwa pamoja, kile kilele kinakulipisha mwezi mzima hata kama wageni walikaa wikendi moja tu. Hoteli iliyofungwa hailipi kilele hicho.

Sasa weka wageni asilimia 20 wanaolipa bei ya punguzo la wakazi, pombe imekatazwa, bafe imekatazwa. Kila usiku unaofungua unaongeza hasara. Nafuu ya VAT kushuka kutoka 16 hadi 14 mwezi Aprili haikutosha kugeuza hesabu hiyo, na 1 Januari 2021 ilirudi 16.

#10 BintiKisauni
Bafe msiipite haraka. Hoteli zetu nyingi zimejengwa juu ya bafe, wapishi wachache wanalisha watu wengi. Masharti ya kufungua mikahawa yaliyotoka mwishoni mwa Aprili 2020 yalitaka meza zipishane mita 1.5, watu wasizidi 4 kwa kila mita 10 za mraba, wafanyakazi wapimwe, na mgeni asijipakulie.

Piga hesabu ya ukumbi wa mita 300 za mraba: watu 120. Ukumbi uleule ulizoea kukaa 200 na zaidi. Kwa hiyo chakula cha jioni kinakuwa awamu mbili, lakini saa ya kufunga haikuruhusu awamu mbili. Wahudumu waliohitajika waliongezeka huku wageni wakipungua. Mwenye hoteli aliyeleta sahani mezani alihitaji wabebaji zaidi, vifuniko zaidi, na menyu fupi ya vyakula 8 hadi 10 ili jiko lisizidiwe.

#11 Kivukoni
Wahudumu hao waende nyumbani na nini? Hapa ndipo mimi nasema kafyu ilikuwa kizuizi kikubwa kuliko kufungwa kwa kaunti.

Kuanzia 7 Juni kafyu ilikuwa saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Matatu ya abiria 14 ilibeba 8, na nauli ikapanda. Mfanyakazi wa Nyali anayeishi Likoni anahitaji matatu hadi mjini, nyingine hadi kivukoni, foleni ya feri iliyopangwa kwa nafasi, kisha matatu au bodaboda ng'ambo. Ili awe ndani saa tatu, atoke kazini saa kumi na mbili na nusu. Mgeni ndiyo kwanza anaoga kujiandaa kwa chakula. Daraja la kuelea la Liwatoni la waenda kwa miguu halikuwapo bado, watu walianza kulitumia msimu wa mwisho wa 2020 kuingia 2021.

Hoteli iliyofungua ililazimika kuwalaza wahudumu wa jioni kwenye vyumba vyake, au kukodi basi lenye kibali. Yote ni gharama.

#12 Mshomoroni
Kumbe vyumba vilijaa, ila vilijaa wafanyakazi! 😀

#13 BintiKisauni
@Mshomoroni si utani, ilipangwa hivyo hasa: zamu ya siku 14 ndani, kisha kundi linabadilishana. Ilisaidia pia kutochanganya makundi.

Na niongeze kuhusu vyumba. Chumba kilichofungwa miezi mitatu karibu na bahari kinapata kuvu: nyuma ya kabati, chini ya godoro, kwenye pazia. Kosa la kawaida lilikuwa kuwasha kiyoyozi kwa nyuzi 16 siku ya kwanza "kukausha". Feni inasambaza vumbi la kuvu chumba kizima na unyevu wa hewa unageuka matone kwenye kuta na vitu vilivyopoa. Fungua madirisha kwanza, safisha filta na trei ya maji ya kiyoyozi, zibua bomba lake la kutoa maji, futa kuta, simamisha godoro juani, ndipo uwashe kwa nyuzi 24 au 25.

#14 Ndugu_wa_Bamburi
Kwenye kusafisha kwa Jik, kikombe kimoja kwa ndoo kilitosha au?

#15 Bawazir_wa_Mabomba
Kikombe si kipimo. Jik ya dukani kwetu ina asilimia 3.5. Ili upate asilimia 0.1 ya kufuta vitasa na meza, ndoo ya lita 20 inataka mililita 570. Kikombe cha mililita 250 kinakupa chini ya nusu ya nguvu hiyo. Futa uchafu kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu unaimaliza klorini, kisha pakaa na uache dakika zake, usipakae na kukausha papo hapo. Changanya ya siku hiyo tu. Chupa ikikaa kwenye stoo yenye joto inapoteza nguvu, na stoo nyingi zilikuwa na chupa za tangu Machi.

Vyuma vya lifti na bawaba za milango visuuzwe kwa maji safi baada ya dakika kumi. Hewa ya chumvi tayari inavila, klorini inamalizia.

Na vile vibanda vya kunyunyizia watu dawa mwili mzima havikusaidia. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka huohuo kwamba kumnyunyizia mtu klorini ni madhara kwa macho na ngozi, na hakumpunguzii kuambukiza.

#16 Ndugu_wa_Bamburi
Shukran. Na ile bunduki ya joto getini? Mtu ametoka kwenye jua la saa saba anapimwa 38 anarudishwa, mwenzake anapimwa 34 anapita.

#17 BintiKisauni
Zote mbili ni makosa ya kipimo. Kile kifaa kinasoma ngozi, hakisomi damu. Paji lililochomwa na jua linapandisha, jasho linalokauka na upepo wa bahari linashusha. Tena vifaa vingine vilibaki kwenye hali ya kupima vitu, si mwili. Kipimo sahihi: mtu akae kivulini dakika 10, afute jasho, paji likauke, kifaa kiwe sentimita 3 hadi 5, na kifaa chenyewe kikae kivulini na si mfukoni mwa askari aliyesimama juani. Kikomo kilikuwa 37.5. Ukipata 34, usiandike 34, rudia.

#18 Mzenji_Halisi
Jirani zangu, mnazunguka mbuyu. Tanzania ilifungua anga 18 Mei 2020, Zanzibar ikaanza kupokea wageni. Mabomba yetu nayo yalilala, mabwawa yetu nayo yalikuwa kijani. Mbona sisi tulifungua? Kilichowafunga ninyi ni masharti na wageni kutojua kesho kutatangazwa nini.

#19 Mhasibu_Nyali
Kaka, hoja ina uzito, ila usiilinganishe moja kwa moja. Wateja wenu wakubwa hushuka na ndege kisiwani. Sisi mwezi Julai mteja wetu ni Mkenya wa Nairobi, anayekuja kwa gari, treni au ndege ya mwendo wa saa moja, na wakati huo mfuko wake umetoboka. Tena Agosti hiyohiyo ndege za Kenya zilizuiwa kutua kwenu hadi Septemba, baada ya Tanzania kuachwa nje ya orodha ya Kenya ya nchi zilizoruhusiwa, kwa hiyo hata yule mtalii wa kuunganisha Mombasa na Unguja alipotea.

Halafu msimu. Aprili hadi Juni ni masika, hoteli kadhaa hufunga kila mwaka kwa ukarabati hata bila ugonjwa. Julai na Agosti ni kusi, bahari chafu, mwani mwingi ufuoni. Ndege za kukodi kutoka Ulaya hutegemea kaskazi, msimu wa Desemba hadi Machi. Mwenye soko la Ulaya hakuwa na sababu ya kufungua Julai kwa hali yoyote.

#20 Mzenji_Halisi
Kwa hiyo kumbe ugonjwa ulikuta mlango umeshaegeshwa. Hapo nakubali kidogo. Lakini kutotabirika bado nakushikilia.

#21 KusiNaKaskazi
Kwenye kutotabirika ushahidi wake bora ni Pasaka ya 2021. Hoteli zilikuwa zimejipanga, Pasaka ni 4 Aprili. Tarehe 26 Machi Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa. Mombasa haikufungwa hata kidogo, ila wateja wake ndio waliofungwa. Samaki alishanunuliwa, wafanyakazi walisharudishwa. Amri ikaondolewa 1 Mei, mvua zikiwa zimeanza. Na Uingereza ilituweka kwenye orodha nyekundu 9 Aprili, ikatutoa 22 Septemba.

Baada ya hapo wenye hoteli wengi walijifunza kuuza kwa masharti ya kuhamisha tarehe bila faini, na kununua akiba ya wiki badala ya mwezi.

#22 Mshomoroni
Kafyu si iliisha Julai 2021 lakini?

#23 Kivukoni
La. 20 Oktoba 2021, sikukuu ya Mashujaa. Kilichoisha kabla yake ni ile nusu-nusu ya matatu, 9 Agosti 2021 zikarudi kubeba abiria kamili. Barakoa za nje zikaondolewa 11 Machi 2022. Na katikati yake kulikuwa na tangazo la Novemba 2021 kwamba kufikia 21 Desemba asiyechanjwa asiingie hotelini, Mahakama Kuu ikalisimamisha kabla halijaanza.

#24 Ndugu_wa_Bamburi
Mnasahau vijana wa ufuoni, wenye boti za sakafu ya kioo na wauza vinyago. Fukwe za umma zilifungwa, na hoteli isipokuwa na wageni hao hawana wa kumuuzia. Hata hoteli ilipofunguka, mgeni alizungushiwa kamba asitoke ufuoni. Kwao Mombasa haikufunguliwa 7 Julai.

#25 Bawazir_wa_Mabomba
Kweli kabisa ndugu. Na boti iliyokaa nchi kavu miezi mitatu mbao zinakauka zinafunua maungio. Haishushwi majini kabla ya kukalafatiwa upya na kuloweshwa.

Nimrudie Mhasibu: umesema kazi za jengo ni wiki moja au mbili. Hujaweka mtambo wa kuondoa chumvi. Hoteli zenye visima vya maji ya chumvi hutegemea huo. Membreni zake (chujio zinazozuia chumvi) zikiachwa na maji ya kisima ndani bila kusuuzwa kwa maji matamu na kujazwa sodiamu metabisalfaiti ya asilimia 1, zinaota utando wa bakteria. Ukifungua, shinikizo linapanda, maji yanatoka kidogo na yana chumvi. Membreni mpya huagizwa nje, na mwaka huo mizigo ilichelewa kila mahali. Hoteli bila maji matamu haifungui, wageni wawepo wasiwepo.

#26 Mhasibu_Nyali
Membreni nakupa. Lakini huyo mwenye hoteli angeona wateja mbele, angenunua maji ya bouza (lori la maji) na kufungua huku akisubiri. Hakununua kwa sababu hesabu ilikataa.

#27 Bawazir_wa_Mabomba
Bouza ya lita 10,000 kwa hoteli ya vyumba 120? Hesabu lita 300 kwa mgeni kwa siku pamoja na dobi na jiko. Wageni 30 wanamaliza karibu bouza nzima kila siku bado hujagusa bwawa. Weka na bei yake kwenye jedwali lako kisha uniambie ni hesabu iliyokataa au ni mabomba.